Sodiamu Bikaboneti Michezoni: Inavyofanya Kazi Mwilini na Inavyoweza Kugunduliwa

Utangulizi

Asubuhi ya mashindano ya michezo ya shule, mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikoroga vijiko viwili vya chakula vya soda ya kuumulia maandazi kwenye kikombe cha maji, akanywa. Alikuwa amesikia kwamba wakimbiaji wakubwa wanaitumia. Saa moja baadaye, wenzake walipoitwa kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita 800, yeye alikuwa nyuma ya vyoo akitapika huku ameshika tumbo. Hakukimbia.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba yote yaliyompata yalikuwa ndani ya daftari lake: asidi na besi, upumuaji usiotumia oksijeni, kazi ya figo na hesabu za moli. Aliyasoma kama mambo manne yasiyojuana. Hapa tutayaunganisha.

Mtihani wako wa kemia na biolojia utauandika kwa Kiingereza, lakini alama za kemikali ni zilezile na hoja ni zilezile. Elewa kwanza kwa lugha unayoifikiria, kisha andika kwa lugha ya mtihani.

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kueleza kwa nini misuli hupata asidi wakati wa mbio kali;
(b) kueleza jinsi sodiamu bikaboneti inavyosaidia kuondoa asidi hiyo;
(c) kukokotoa kiasi cha sodiamu na gesi kinachotokana na dozi fulani;
(d) kutofautisha kugundua kitu kwenye maabara ya shule na kukigundua mwilini.

1. Sodiamu bikaboneti ni kitu gani?

Ni chumvi nyeupe yenye fomula NaHCO₃. Jina lake jingine ni sodiamu haidrojeni kaboneti. Uzito wake wa moli ni 23 + 1 + 12 + (3 × 16) = gramu 84. Ikiyeyuka kwenye maji hutoa mmumunyo wa besi dhaifu, wenye pH iliyozidi 8 kidogo.

Ikikutana na asidi, hutoa kabonidayoksaidi:

NaHCO₃ + HCl → NaCl + H₂O + CO₂

Ikipashwa moto, huvunjika:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Gesi hiyo ndiyo inayofanya keki iumuke.

Angalizo: Usiichanganye na magadi yanayotiwa kwenye maharage au kande. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Natron, yana sodiamu kaboneti (Na₂CO₃) kwa wingi pamoja na bikaboneti. Mmumunyo wa sodiamu kaboneti una pH ya karibu 11 na unaweza kuunguza koo na tumbo. Madukani watu wengi huviita vyote viwili “magadi soda”, na jina hilo moja linaweza kumwumiza mtu.

2. Asidi ya misuli inatoka wapi?

Unapokimbia taratibu, damu huleta oksijeni ya kutosha na glukosi huvunjwa hadi kuwa maji na kabonidayoksaidi. Unapokimbia kwa kasi kubwa, misuli huhitaji nishati haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuitoa. Hapo sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye upumuaji usiotumia oksijeni, na glukosi huishia kuwa asidi ya laktiki. Asidi hii hutengana mara moja kuwa ioni za laktiki na ioni za haidrojeni (H⁺).

Ioni za H⁺ zikirundikana, pH ya msuli hushuka. Msuli uliopumzika una pH ya karibu 7.1. Baada ya mbio za kumaliza nguvu zote pH hiyo inaweza kufika karibu 6.5. Tofauti ya 0.6 inaonekana ndogo, lakini kumbuka kwamba kipimo cha pH huenda kwa vipeo vya kumi: kushuka kwa 0.6 ni kuongezeka kwa H⁺ karibu mara 4. Katika hali hiyo vimeng’enya vya kuvunja glukosi hupungua kasi, msuli hujikunja kwa shida, na wewe unahisi miguu inaungua. Asidi si chanzo pekee cha uchovu, lakini ni kimojawapo kilicho muhimu katika mbio za aina hii.

3. Soda inasaidiaje?

Damu yako tayari ina bikaboneti. Mtu mzima mwenye afya ana takriban milimoli 24 katika kila lita ya damu. Kazi yake ni kuizuia pH ya damu isitoke kati ya 7.35 na 7.45. Kitu kinachozuia pH isibadilike ovyo huitwa bafa. Bafa hii hufanya kazi hivi:

H⁺ + HCO₃⁻ → H₂CO₃ → H₂O + CO₂

Kabonidayoksaidi hupelekwa kwenye mapafu na kutolewa nje. Ndiyo maana unahema sana baada ya mbio: pamoja na kuchukua oksijeni, unaitoa asidi kwa njia ya pumzi.

Sasa zingatia hatua ambayo watahiniwa wengi huikosea. Bikaboneti unayoimeza haiingii kwa urahisi ndani ya seli za msuli. Inabaki kwenye damu na kwenye majimaji yanayozunguka seli. Kwa kuwa nje ya seli sasa kuna bafa nyingi zaidi, tofauti ya asidi kati ya ndani na nje huwa kubwa, na protini za kwenye utando wa seli huzisukuma H⁺ na laktiki kutoka nje kwa haraka zaidi. Fikiria jaa la taka nje ya mji: ukilipanua, magari yanashusha mzigo bila kusubiri foleni, na mji unabaki safi kwa muda mrefu zaidi. Hukusafisha mji wenyewe. Umerahisisha utoaji wa taka.

Dozi iliyofanyiwa utafiti mara nyingi ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, dakika 60 hadi 180 kabla ya shindano. Dozi hiyo huinua bikaboneti ya damu kwa takriban milimoli 5 hadi 6 kwa lita. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha tamko la wataalamu kuhusu virutubisho, na bikaboneti ilikuwa miongoni mwa vitano vilivyoonekana kuwa na ushahidi mzuri wa kusaidia utendaji. Vingine ni kafeini, kreatini, nitreti na beta-alanini.

4. Inasaidia mbio zipi?

Faida huonekana katika kazi kali zinazochukua kati ya sekunde 30 na dakika 12 hivi. Linganisha muda wa mashindano haya:

- Mita 100: sekunde 10 hadi 12. Mbio huisha kabla asidi haijarundikana vya kutosha. Faida ni ndogo sana au haipo.
- Mita 800: rekodi ya dunia ni dakika 1 na sekunde 40.91, iliyowekwa na David Rudisha wa Kenya jijini London mwaka 2012. Huu ndio muda ambao asidi huwa nyingi.
- Mita 1500: Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand. Muda huu nao umo ndani ya kipimo.
- Marathoni: karibu saa mbili au zaidi. Sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye upumuaji unaotumia oksijeni. Asidi si tatizo kuu.

Rekodi hizo zimetajwa kwa ajili ya muda wake tu; hazina maana kwamba wakimbiaji hao walitumia soda.

Faida yenyewe ni ndogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 hivi, na si kila mtu huipata. Kwa anayekimbia mita 800 kwa sekunde 120, asilimia 1 ni sekunde 1.2. Kwenye fainali ya Olimpiki hiyo inaweza kuwa tofauti ya kupata medali na kuikosa. Kwa mwanafunzi ambaye bado hajafanya mazoezi ya kutosha, mwezi mmoja wa mazoezi utampa zaidi ya hapo.

5. Hesabu ya dozi na hatari zake

Mfano: Mkimbiaji ana uzito wa kilo 60. Anameza gramu 0.3 kwa kila kilo.

Uzito wa NaHCO₃ = 60 × 0.3 = gramu 18
Idadi ya moli = 18 ÷ 84 = moli 0.214
Uzito wa sodiamu = 0.214 × 23 = gramu 4.9

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku. Kwa dozi moja mkimbiaji huyu amemeza karibu mara mbili na nusu ya kiasi cha siku nzima.

Je, gesi? Kila moli 1 ya NaHCO₃ ikikutana na asidi ya kutosha hutoa moli 1 ya CO₂. Kwenye joto la kawaida la chumba moli 1 ya gesi huchukua desimita za ujazo 24:

Ujazo wa CO₂ = 0.214 × 24 = takriban dm³ 5.1

Hizo ni lita tano. Tumboni asidi haitoshi kuigeuza soda yote kwa mara moja, kwa hiyo gesi halisi ni pungufu ya hapo. Hata hivyo sehemu tu ya ujazo huo inatosha kujaza tumbo, kuleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Yapo matukio yaliyoandikwa na madaktari ya watu waliomeza soda baada ya kula shibe na tumbo likapasuka. Bikaboneti ikizidi sana kwenye damu, madini ya potasiamu hushuka na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo yuko hatarini zaidi.

Sasa mrudie yule mwanafunzi wangu. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 14 za soda. Vijiko viwili ni gramu 28. Kwa kijana wa kilo 55 hiyo ni gramu 0.5 kwa kila kilo, tena kwa mkupuo na bila kupima. Kilichompata kilitarajiwa.

Ni kwa sababu ya matatizo haya ya tumbo kwamba wanariadha wengi waliiacha soda kwa miaka mingi. Mwaka 2023 kampuni ya Maurten ya Sweden ilianza kuuza bikaboneti ya vidonge vidogo sana vinavyomezwa ndani ya jeli, ili soda ipite tumboni bila kukutana na asidi nyingi kwa wakati mmoja. Baada ya hapo matumizi yake yalirudi kwa nguvu kwenye riadha.

6. Inagunduliwaje?

(a) Kwenye maabara ya shule: “Je, ipo?”

Ukipewa unga mweupe usioujua, fanya hatua hizi:

- Jaribio la mwali wa moto: rangi ya njano ya dhahabu inaonyesha sodiamu.
- Ongeza asidi hidrokloriki hafifu: mapovu hutoka. Pitisha gesi kwenye maji ya chokaa. Yakigeuka kama maziwa, gesi ni CO₂.
- Tofautisha kaboneti na bikaboneti: yeyusha unga kwenye maji, ongeza mmumunyo wa magnesiamu salfeti. Mashapo meupe yakitokea papo hapo, ni kaboneti. Yakitokea baada ya kuchemsha tu, ni bikaboneti.

Hapa jibu ni ndiyo au hapana.

(b) Kwenye damu: “Ipo kiasi gani?”

Mwilini swali la ndiyo au hapana halifai, kwa kuwa kila mtu na kila mnyama ana bikaboneti. Ioni ya HCO₃⁻ iliyotoka kwenye pakiti ya dukani na ile iliyotengenezwa na mwili wako ni ioni ileile; haina alama inayosema ilikotoka. Kwa hiyo mpimaji huweka kiwango cha ukomo, yaani kiasi ambacho mwili wenyewe hauwezi kukifikia isipokuwa kwa nadra sana.

Mfano bora unatoka kwenye mbio za farasi katika nchi kama Australia na Marekani. Huko baadhi ya wafunzaji waliwapa farasi soda iliyochanganywa na maji na sukari, kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni, saa chache kabla ya mbio. Jambo hili limepigwa marufuku. Damu ya farasi huchukuliwa na kupimwa jumla ya kabonidayoksaidi iliyomo kwenye plazima. Farasi mzima huwa na takriban milimoli 30 kwa lita. Ukomo wa kimataifa ni milimoli 36 kwa lita.

Kipimo chenyewe hakitakushangaza. Mashine huchanganya plazima na asidi kali, bikaboneti hugeuka CO₂, na gesi hiyo hupimwa kwa elektrodi. Ni mmenyuko uleule wa neli yako ya majaribio, ila sasa unahesabiwa. Damu hutunzwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri na yenye ubaridi, na hupimwa mapema, kwa sababu CO₂ ikivuja matokeo yatakuwa madogo kuliko ukweli.

Udhaifu wa njia hii ni wawili. Kwanza, muda: figo huondoa bikaboneti ya ziada, kwa hiyo damu iliyochelewa kuchukuliwa inaweza kuonekana ya kawaida. Pili, walio karibu na ukomo: farasi aliyepewa soda kidogo akafika milimoli 34 hatakamatwa. Ukomo ukishushwa ili kumkamata huyo, farasi asiye na hatia naye anaweza kukamatwa. Kila ukomo ni uamuzi kati ya makosa hayo mawili.

(c) Kwenye mkojo: dalili tu

Nefroni za figo hurudisha karibu bikaboneti yote kwenye damu. Ikizidi, haiwezi kurudishwa yote, na ya ziada hutoka kwenye mkojo. Mkojo ambao kwa kawaida una pH ya karibu 6 huweza kuzidi 8. Lakini usikimbilie hukumu. Mtu anayekula mboga na matunda mengi, mwenye maambukizi ya baadhi ya bakteria wanaovunja yurea, au sampuli iliyokaa kwenye joto, vyote vinaweza kupandisha pH. Mkojo wenye pH kubwa unatia shaka, hauthibitishi.

Hata hivyo pH hiyo ina maana nyingine. Mkojo ukiwa wa kibesi, dawa za kusisimua kama amfetamini hutoka polepole zaidi mwilini, hivyo huonekana kidogo kwenye sampuli. Mtu anaweza kumeza soda kwa nia ya kuficha dawa nyingine, si kwa ajili ya misuli.

7. Je, imeruhusiwa kwa binadamu?

Ndiyo. Sodiamu bikaboneti haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, lililoanzishwa mwaka 1999. Kwa kawaida kitu hufikiriwa kuingizwa kwenye orodha hiyo kikitimiza vigezo viwili kati ya vitatu: kinaongeza uwezo, kinahatarisha afya, au kinakiuka maadili ya michezo. Lakini njia ya kukitumia inaweza kukatazwa: kuwekewa dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali ni kosa, hata kama ndani yake mna kitu kilichoruhusiwa. Kuharibu sampuli kwa makusudi ni kosa pia.

Kwa nini basi farasi akatazwe na binadamu aruhusiwe? Mwanariadha huamua mwenyewe na huweza kuacha tumbo likimsumbua. Farasi hakuulizwa, na mpira ukipotea njia ukaingia kwenye mapafu anaweza kufa. Tena hapo watu wamecheza kamari na wanastahili kujua farasi anakimbia kwa uwezo wake. Ukiulizwa swali la kujadili, toa sababu zote mbili.

8. Makosa yanayopoteza alama

- “Soda huongeza nishati.” Hapana. Haivunjwi kutoa nishati. Hupunguza kasi ya kurundikana kwa asidi.
- “Soda huingia kwenye msuli na kuua asidi.” Hapana. Hufanya kazi nje ya seli.
- “Kipimo huonyesha kama soda ipo au haipo.” Hapana. Huonyesha kama imezidi ukomo.
- Kusahau kizio. Kuandika 36 bila milimoli kwa lita ni kupoteza alama bure.

9. Maswali ya kujipima

1. Andika mlinganyo uliosawazishwa wa sodiamu bikaboneti na asidi ya tumboni. (alama 2)
2. Mwogeleaji wa kilo 70 amemeza gramu 0.3 kwa kila kilo. Kokotoa (i) uzito wa soda, (ii) idadi ya moli, (iii) uzito wa sodiamu. (alama 6)
3. Eleza kwa nini mkimbiaji wa mita 100 na wa marathoni hawanufaiki sana na soda. (alama 4)
4. Farasi A ana milimoli 31 na farasi B ana milimoli 38.5 za kabonidayoksaidi kwa lita. Nani amevunja kanuni? Kwa nini mpimaji hakuuliza tu kama bikaboneti ipo? (alama 4)
5. “Mkojo wake una pH 8.2, kwa hiyo amekunywa soda.” Toa sababu tatu za kupinga kauli hii. (alama 3)

Mwongozo wa majibu

1. NaHCO₃ + HCl → NaCl + H₂O + CO₂.
2. (i) gramu 21; (ii) 21 ÷ 84 = moli 0.25, (iii) 0.25 × 23 = gramu 5.75.
3. Mita 100 huisha kabla H⁺ hazijarundikana. Marathoni hutegemea zaidi upumuaji unaotumia oksijeni.
4. B, kwa kuwa amezidi milimoli 36 kwa lita. Bikaboneti ipo kwenye damu ya kila farasi, hivyo kuwepo kwake hakuthibitishi kitu.
5. Mlo wa mboga na matunda mengi. Maambukizi ya bakteria. Sampuli kukaa kwenye joto.

Neno la mwisho kwa wewe unayekimbia: ukiwa shuleni, iache soda jikoni. Siku ya mashindano kula chakula ulichokizoea, kunywa maji, pasha mwili moto vizuri. Ukija kufika ngazi ya taifa utakuwa na kocha na daktari wa kukupimia dozi na kukuangalia. Yule mwanafunzi wangu alirudi uwanjani mwaka uliofuata, akakimbia mita 800 zake akiwa amekunywa chai na mihogo, na akamaliza.